Tatu, Mbili, Moja: Kuchora Saini kwa Mkono

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania haingii na kikokotoo kwenye chumba cha mtihani wa Hisabati. Anachoruhusiwa ni kile kijitabu chembamba cha majedwali, chenye safu za tarakimu nne nne. Kenya wamelegeza kamba: kikokotoo kinaruhusiwa sambamba na majedwali, ila pale swali linapokataza, na karatasi ya pili ya hisabati ya mtihani wao wa KCSE inapenda sana swali la grafu za trigonometria. Mwanafunzi hupewa jedwali lenye mapengo, akalijaza, akaweka nukta, akaziunganisha.

Pande zote mbili za mpaka, makosa ni yaleyale. Nukta zimekaa mahali pake, tena kwa usahihi wa kusifiwa, lakini mstari unaozipitia ni balaa. Mmoja ameziunganisha kwa rula, grafu ikatoka na meno kama msumeno. Mwingine ameuchonga mgongo wa wimbi mpaka ukawa na ncha. Wa tatu amechora nusu duara juu, nusu duara chini, akiamini kwamba hivyo ndivyo wimbi lilivyo. Wote watatu walikuwa na namba sahihi. Walichokosa ni umbo.

Ndiyo maana siungi mkono ule ushauri wa kawaida wa kuongeza nukta: kokotoa kila baada ya nyuzi 15, au hata kila baada ya nyuzi 10, uwe salama. Mtu anayelijua umbo la saini anahitaji nukta chache mno, na asiyelijua hata ukimpa mia moja atazipitisha vibaya. Sura hii inaanzia kwenye umbo. Namba zitafuata zenyewe, tena hazifiki kumi.

Chukua bikari uchore duara. Weka nukta kwenye ukingo wake, upande wa kulia kabisa, kisha uizungushe kinyume cha mishale ya saa. Kimo cha nukta hiyo juu ya mstari mlalo unaopita katikati ya duara, kikigawanywa kwa nusukipenyo, ndicho saini ya pembe iliyozungukwa. Umbali wake kulia au kushoto kwa katikati, ukigawanywa vilevile, ni kosaini. Nukta ikiwa chini ya mstari wa katikati, saini ni hasi. Ikiwa kushoto, kosaini ni hasi. Hakuna siri nyingine. Grafu ya saini ni mzunguko huo ulionyooshwa: pembe zimepangwa kwenye mhimili mlalo, na juu ya kila pembe kimesimamishwa kimo chake.

Gilles de Roberval, Mfaransa aliyefundisha Paris katika karne ya 17, huhesabiwa kuwa wa kwanza kuuchora mstari huu, katika miaka ya 1630. Wala hakuwa akihangaika na saini. Alitaka kujua eneo lililo chini ya njia ya nukta iliyo kwenye ukingo wa gurudumu linalobingirika, na katika kutafuta akaunda mstari wa kumsaidia, ambao ndio saini yetu. Kinachoshangaza ni kwamba wakati huo majedwali ya saini yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Aryabhata wa India aliandika kitabu chake mwaka 499, na ndani yake mna tofauti 24 za vimo, moja kila baada ya nyuzi 3 na robo tatu. Wanajimu wa Baghdad na Damascus wakayaboresha. Karne baada ya karne watu walikuwa na namba za saini, wakazitumia kupima mbingu, bila picha yake. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye jedwali lililojaa na grafu iliyopinda yuko kwenye ukoo mrefu na wenye heshima.

Sasa namba. Chora pembetatu sawa yenye pande za urefu wa 2, kisha uipasue katikati kuanzia kileleni. Umepata pembetatu mraba yenye pembe za nyuzi 30, 60 na 90. Upande mfupi ni 1, mrefu ni 2, na wa tatu, kwa kanuni ya Pythagoras, ni kipeuo cha pili cha 3. Basi saini ya 30 ni nusu kamili, na saini ya 60 ni nusu ya 1.732, yaani 0.866. Chora na mraba wenye pande za 1 na ulalo wake. Ulalo una urefu wa 1.414, kwa hiyo saini ya 45 ni 0.707. Kumbuka 1.414 na 1.732, mengine yote yanatoka humo. Wapo walimu wanaofundisha kuhesabu saini kwa vidole vya mkono, vipeuo vya 0, 1, 2, 3 na 4 vikigawanywa kwa 2. Ni mbinu tamu na haina kosa, ila haikuambii namba hizo zimetoka wapi, na siku ukisahau kidole kimoja umepotea. Pembetatu mbili hazisahauliki, kwa sababu unaweza kuzichora upya.

Hebu tazama namba hizo zinavyopanda. Kutoka 0 hadi nyuzi 30, saini inapanda kwa 0.5. Kutoka 30 hadi 60, inapanda kwa 0.366. Kutoka 60 hadi 90, inapanda kwa 0.134 tu. Yaani theluthi ya kwanza ya safari inamaliza nusu ya mlima, na theluthi ya mwisho karibu haiongezi kitu. Ukizikadiria hesabu hizo upate namba za kushika kichwani, mwendo ni huu: tatu, mbili, moja. Gawanya kimo cha wimbi katika sehemu sita. Panda tatu, kisha mbili, kisha moja, ufike kileleni. Kushuka ni kinyume chake: moja, mbili, tatu.

Mabaharia wanaoujua mwendo huu ni wengi kuliko wanafunzi. Katika mafunzo ya urubani wa vyombo vya baharini huitwa kanuni ya sehemu kumi na mbili. Maji yakianza kujaa, saa ya kwanza yanapanda sehemu moja kati ya kumi na mbili za kimo chote, saa ya pili sehemu mbili, ya tatu sehemu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Tuseme ni bamvu, wakati wa maji makubwa, Unguja na maji yatapanda mita 3.6 kutoka kupwa hadi kujaa. Saa ya kwanza utaona sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, kisha 60, kisha 30. Nahodha aliyepweleza chombo chake mchangani anajua kwamba katikati ya kujaa maji hayamsubiri mtu, na kwamba karibu na kilele yanaonekana kama yamesimama. Hayajasimama. Ni ile theluthi ya mwisho ya saini, ambayo haiongezi kitu. (Kujaa kwenyewe huchukua saa 6 na dakika 12 hivi, na ghuba nyembamba zina tabia zake, kwa hiyo kanuni ni ya makadirio. Hata kwenye karatasi yetu ni ya makadirio.)

Tuichore. Kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 ya mlalo iwe nyuzi 30, ili mzunguko mzima wa nyuzi 360 uchukue sentimita 12. Kwenye wima, sentimita 3 ziwe 1. Anza penye sifuri. Songa sentimita moja kulia, panda 1.5. Songa tena moja, panda 1. Songa tena, panda 0.5. Uko kileleni, kwenye nyuzi 90. Kwa namba halisi, nukta ya 60 ingekuwa kwenye kimo cha sentimita 2.6, na wewe umeiweka kwenye 2.5, isogeze juu milimita moja ukipenda usahihi. Nukta nyingine mbili ziko pale hasa zinapotakiwa. Robo hii moja ndiyo kazi yote. Robo ya pili ni picha yake kwenye kioo kilichosimamishwa penye 90. Nusu ya pili ya wimbi ni ile ya kwanza iliyopinduliwa chini. Hakuna cha kukokotoa tena.

Bado kuna mambo mawili ambayo nukta hazisemi. La kwanza ni mwinamo penye sifuri. Ukiweka rula ikagusa wimbi pale linapokata mhimili, rula hiyo itafika kimo cha 1 kwenye nyuzi 57.3, yaani 180 ikigawanywa kwa pai. Kwenye karatasi yetu hiyo ni nukta iliyo sentimita 1.9 kulia na sentimita 3 juu. Chora mstari huo kwa penseli hafifu kabla ya wimbi lenyewe. Mpaka nyuzi 30 wimbi litaung'ang'ania, kwani mstari uko kwenye 0.524 na wimbi liko kwenye 0.5, ndipo linaanza kuuacha na kuinama. Mstari huu mmoja unawatibu wachora nusu duara, maana nusu duara hukata mhimili ikiwa imesimama wima kama ukuta, jambo ambalo saini hailifanyi kamwe. La pili ni kilele: pale mwinamo ni sifuri, kwa hiyo weka kistari kifupi kilicholala kabisa na uuache mkono upite juu yake. Wimbi lenye ncha haliwezekani hapo.

Kuhusu mkono wenyewe: geuza karatasi, usigeuze kiwiko. Mkono huchora vizuri mkunjo unaokikumbatia kiganja, kwa hiyo kwa mlima karatasi ikae ilivyo, kwa bonde uizungushe. Macho yatazame nukta unayoiendea, si ncha ya penseli. Pitisha hafifu kwanza, kisha kaza.

Wimbi likishakaa mkononi, linakuja jambo ambalo kwa maoni yangu vitabu vingi vya shule hulitesa bure. Mwanafunzi akikutana na y = 3 sin (2x − 60) + 1 huanza kujaza jedwali upya, safu baada ya safu: x, kisha 2x, kisha 2x − 60, kisha saini yake, kisha mara tatu, kisha jumlisha moja. Safu sita, nukta 13, na kosa moja la kujumlisha linatia tundu kwenye wimbi. Lakini wimbi ni lilelile! Kinachobadilika ni namba za kwenye mihimili. Chora wimbi kwanza kwenye karatasi tupu isiyo na namba, halafu ulipe namba.

Moja ya mwisho inasema mstari wa kati wa wimbi uko kwenye kimo cha 1 badala ya 0. Tatu inasema wimbi linapanda 3 juu ya mstari huo na kushuka 3 chini yake, basi kilele ni 4 na bonde ni −2. Mbili iliyo mbele ya x inasema wimbi linakwenda kasi maradufu, linamaliza mzunguko kwa nyuzi 180 badala ya 360, na kila robo yake ni nyuzi 45. Imebaki kujua linaanzia wapi. Hapa ndipo wengi wanapotumbukia, kwa kusogeza wimbi nyuzi 60. Wimbi linaanza pale kilicho ndani ya mabano kinapokuwa sifuri: 2x − 60 = 0, yaani x ni 30. Sasa andika namba chini ya wimbi ulilokwisha kulichora: 30 penye mwanzo, 75 penye kilele, 120 penye kuvuka, 165 penye bonde, 210 penye mwisho. Nukta tano, na grafu imekwisha.

Mtahini atauliza pia grafu inakata mhimili wa x wapi. Wimbi liko kwenye sifuri pale saini inapokuwa −1/3. Tulisema kwamba hadi nyuzi 30 saini inapanda karibu kwa mstari ulionyooka, na kwa 30 inapata nusu. Basi theluthi moja iko kwenye theluthi mbili za 30, yaani 20 hivi. Kwa kuwa wimbi letu linakwenda maradufu, nyuzi 20 zinakuwa 10. Rudi nyuma 10 kutoka penye 30, unapata 20. Songa mbele 10 kutoka 120, unapata 130. Jibu la kikokotoo ni 20.3 na 129.7. Kwenye karatasi ya grafu hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.

Kosaini haihitaji sura yake. Ni saini iliyoanza nyuzi 90 mapema: inaanzia kileleni, inashuka moja, mbili, tatu. Basi.

Tanjenti ni kiumbe tofauti, kwa sababu ni saini ikigawanywa kwa kosaini, na kosaini penye 90 ni sifuri. Kabla ya nukta yoyote chora mistari ya vidoti iliyosimama penye 90 na 270; hiyo ni mipaka ambayo grafu itaikaribia bila kuigusa. Kisha nukta zinatosha nne: 0 penye 0, 0.577 penye 30, 1 penye 45, 1.732 penye 60. Baada ya hapo inapaa. Penye 80 imefika 5.67, na penye 89 imefika 57.3, ile namba yetu ya zamani, na haikuja kwa bahati. Mara baada ya 90 inatokea upya kutoka chini kabisa, na kila nyuzi 180 inajirudia. Kosa linalonisikitisha zaidi ni la kuunganisha tawi la juu na tawi la chini kwa mstari mmoja mrefu, kana kwamba grafu ilidondoka shimoni. Hakuna kitu pale.

Wanajimu wa Kiislamu waliijua tanjenti kama kivuli. Habash al-Hasib, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alitengeneza jedwali la vivuli, na haja ilikuwa ya kila siku: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wakati wa alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, ukijumlisha na kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua hupita utosini Unguja, kivuli cha adhuhuri kikawa karibu hakipo, na siku hizo alasiri huingia jua likiwa kwenye pembe ya nyuzi 45. Tanjenti ya 45 ni 1, fimbo na kivuli chake vinalingana. Asubuhi jua likichomoza kivuli hakina mwisho. Pembe ikipimwa kutoka utosini, hilo ndilo tawi linalopaa kuelekea mstari wa vidoti.

Je, ukihitaji saini ya pembe isiyo na pembetatu yake, kama nyuzi 20? Bhaskara wa kwanza, Mhindi wa karne ya 7, aliacha kanuni ambayo hadi leo sijui kwa nini haifundishwi shuleni. Zidisha pembe kwa kile kinachobaki kufika 180, upate zao. Kwa 20 ni 20 mara 160, yaani 3,200. Zao hilo mara nne, ugawanye kwa 40,500 ukitoa zao lenyewe: 12,800 kwa 37,300. Inatoka 0.343. Namba halisi ni 0.342. Ijaribu kwa 30 uone inavyotoa nusu kamili. Kutoka 0 hadi 180 kanuni hii haikosei hata kwa 0.002, na kwenye wimbi letu la sentimita 3 kosa hilo ni jembamba kuliko mstari wa penseli.

Mwisho, mawimbi mawili kwenye karatasi moja. Kuchora y = sin x + cos x, usikokotoe; chora yote mawili hafifu, kisha kwa bikari chukua kimo cha moja ukisimamishe juu ya kimo cha pili. Penye 45 yanalingana na kuungana, 0.707 na 0.707, unapata 1.414. Penye 135 yanafutana. Kinachotoka ni wimbi lilelile, refu zaidi, lililosogea nyuzi 45 kushoto. Lakini mawimbi yakiwa na mizunguko isiyolingana, mambo hunoga. Wimbi la bahari linaloletwa na mwezi lina mzunguko wa saa 12 na dakika 25. La jua, saa 12 kamili. Yakipandiana ni bamvu, yakipingana ni maji mafu, na kutoka bamvu hadi bamvu ni siku 14 na robo tatu hivi. Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi ya namna hii na kuchora kupwa na kujaa kwa kalamu kwenye karatasi. Majedwali ya maji ya bandari nyingi duniani yalitengenezwa hivyo kwa miongo mingi, kabla ya kompyuta.

Chukua penseli sasa uchore y = 2 cos x − 1 kutoka 0 hadi 360, bila jedwali. Grafu yako ikikata mhimili wa x penye 60 na 300, umeweza. Ikikata penye 90 na 270, umesahau kushusha mstari wa kati, futa, urudie.